Njia za Vilima vya Kivu Kabla ya Watalii

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Rwanda ilizindua njia ya utalii yenye urefu wa kilomita 227, inayoanzia Rubavu, kaskazini mwa Ziwa Kivu, na kuishia Rusizi, kusini. Inaitwa Congo Nile Trail kwa sababu inapita kwenye mteremko wa magharibi wa safu ya milima inayogawa maji. Mvua inayonyesha upande wa ziwa huteremka Kivu, ikafuata Mto Rusizi hadi Tanganyika, na hatimaye huingia Mto Kongo; inayonyesha upande wa pili huelekea Nile. Anayetembea kwa miguu huhitaji siku kama 10, na mwenye baiskeli siku 5. Ziwa lenyewe liko meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, lakini takwimu hiyo haimwambii msafiri shida yake, kwa kuwa njia haitulii pwani. Inapanda kilima, inashuka kwenye ghuba, inapanda kingine, na hivyo hivyo hadi mwisho.

Vipeperushi vya utalii huieleza kama njia mpya. Insha hii inapinga maelezo hayo. Kilicho kipya ni alama na ramani tu. Njia zenyewe ni za zamani, na kwa sehemu kubwa ya historia yake aliyezipita hakuwa na hiari ya kuzipita.

Tuanze na mwaka 1894. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani, kwenye pwani ya Tanzania ya leo, mwishoni mwa 1893 akiwa na msafara wa mamia ya wapagazi. Mwezi Mei aliingia Rwanda, akakutana na Mwami Kigeri wa Nne Rwabugiri, kisha akavuka safu ya milima na kufika Kivu. Vitabu vingi humtaja yeye kuwa Mzungu wa kwanza kuliona ziwa hilo. Wapagazi waliobeba mahema, risasi na chakula chake kwenye miteremko ile hawatajwi kwa majina, ingawa wao ndio waliopanda na mizigo kichwani. Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Lugha tunayoisoma iliingia Rwanda pamoja na misafara ya namna hiyo, pamoja na askari na wafanyabiashara wa pwani. Ilikuja kwa miguu, na wengi wa walioileta walikuwa na mzigo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1896, jeshi la mwami lilishindwa na kikosi cha Dola Huru ya Kongo huko Shangi, kwenye rasi inayoingia ziwani kusini. Ni Shangi hiyo hiyo ambako daktari Richard Kandt alijenga makazi yake karne ya 19 ilipokuwa ikiisha, kabla ya kuanzisha Kigali mwaka 1907. Kandt alikuwa akitafuta chanzo cha Nile, akaufuata Mto Rukarara hadi ndani ya msitu wa Nyungwe. Leo Shangi ni kituo kwenye njia ya watalii. Wengi hulala hapo usiku mmoja na kuondoka asubuhi bila kujua kwamba wamelala mahali ambapo ufalme uliona bunduki za kisasa zinaweza kufanya nini.

Baada ya Wabelgiji kuitwaa nchi mwaka 1916, njia za miguu zilianza kupanuliwa ziwe barabara. Hapa ndipo historia inakuwa nzito zaidi. Kazi za machifu ziliitwa uburetwa. Za serikali ya kikoloni ziliitwa akazi. Watu walichimba barabara kwenye ubavu wa milima kwa majembe, walichimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko, na katika miaka ya 1930 walilazimishwa kupanda kahawa. Aliyechelewa alichapwa. Wazee hukiita kipindi hicho wakati wa kiboko, na neno hilo halihitaji tafsiri. Uburetwa ulifutwa mwaka 1949 tu. Kwa hiyo tunapoisifu barabara ya udongo inayozunguka mlima taratibu, inayomfaa sana mwenye baiskeli, tujue kwamba ulaini wa mwinuko wake ulichimbwa kwa mikono.

Wengi walitoroka. Babu yake bibi yangu, ambaye kwao ni Nyamasheke, alitembea hadi Uganda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya Buganda, kama walivyofanya maelfu ya Wanyarwanda na Warundi wa wakati ule. Bibi mwenyewe hahesabu umbali kwa kilomita. Anahesabu mahali pa kutua mzigo: kutoka kwao hadi sokoni ni kutua mara nne. Nilipomweleza kwamba wageni hulipa pesa ili wapande vilima vile, hakucheka kama nilivyotarajia. Aliniuliza wanabeba nini. Nikasema maji na nguo. Akasema, basi ndiyo maana.

Baiskeli ina historia yake, na hii kidogo inafurahisha. Ng'ambo ya mpaka, Goma na vijiji vya Kivu Kaskazini, kuna chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayobeba viazi na makaa kutoka Kibumba hadi mjini. Kupanda unaisukuma, kushuka unaipanda na kumwomba Mungu. Mjini Goma imejengewa sanamu. Rwanda nako waendesha teksi za baiskeli huitwa abanyonzi, na msomaji wa Kiswahili ataliona mara moja neno letu la kunyonga baiskeli ndani yake. Kutokana na watu wa namna hii, waliozoea milima wakiwa na mizigo mgongoni mwa baiskeli, ulikua mchezo. Mashindano ya Tour du Rwanda yalianza mwaka 1988. Adrien Niyonshuti alishiriki Olimpiki ya London mwaka 2012 katika baiskeli za milimani. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na waendeshaji mashuhuri walilalamikia vilima ambavyo mwuza ndizi huvipanda kila siku.

Kuhusu kukimbia, kuna jambo ambalo sioni namna ya kulipita kimya. Mugonero ni mojawapo ya vituo vya njia hii. Mwezi Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu waliokimbilia kanisani na hospitalini hapo waliuawa. Walionusurika walikimbia kupanda milima hadi Bisesero. Huko, wakiongozwa na mzee Aminadabu Birara, watu walipigana kwa mawe, fimbo na mikuki. Mbinu yao ilikuwa kuteremka kwa kasi na kujichanganya na washambuliaji ili mabomu na bunduki visitumike kirahisi. Mbinu hiyo ilitegemea miguu na kuijua milima, na kwa majuma kadhaa ilifanya kazi. Tarehe 27 Juni askari wa Ufaransa walifika, wakaondoka, wakarudi tarehe 30. Katika siku hizo tatu waliuawa wengi waliokuwa wamejitokeza mafichoni. Mwaka 2023 Bisesero iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na Nyamata, Murambi na Gisozi. Hata hivyo, ziko ramani za watembeaji zinazoonyesha Mugonero kwa alama ya kitanda na nyingine ya maji ya kunywa, basi.

Sisemi wageni wasije. Vijana wa vijiji hivi wanapata kazi ya kuongoza, kahawa ya Kinunu inanunuliwa papo hapo, na nyumba za kulala zinalipa karo za watoto. Ninachosema ni kwamba anayeongoza afundishwe historia ya kila kituo kama anavyofundishwa majina ya ndege, na hilo halihitaji fedha nyingi.

Njia yenyewe inaendelea kubadilika. Barabara ya Rubavu hadi Rusizi kupitia Karongi imetiwa lami, na vipande vya njia ya awali vimo chini ya lami hiyo. Baadhi ya watalii hulalamika kwamba utulivu umepotea. Zamani mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, kikapu cha machela, na wanaume wanne waliobadilishana zamu hadi zahanati; sasa gari linafika. Siku ya soko bibi yangu hupanda basi barabarani, akiwa na kikapu magotini.