Makaratasi ya Walinda Amani ni Historia ya Mabamba Pia

Tarehe 21 Mei 2004 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1545 na kuunda ONUB, ujumbe wa kulinda amani Burundi. Kuanzia Juni mosi, wanajeshi wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji waliokuwa huko chini ya Umoja wa Afrika walivaa bereti za buluu. Idadi ya wanajeshi iliyoidhinishwa ilikomea 5,650, na kazi ikafungwa mwisho wa mwaka 2006. Miaka hiyo husimuliwa kwa majina ya wakubwa na vifungu vya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 kuhusu amani ya Burundi. Lakini kwa watu wa mpakani, kama wa Mabamba wilayani Kibondo, Tanzania, ushahidi mzito zaidi umo katika makaratasi ya kila siku ya ofisi za ujumbe huo.

Chukua fomu ya safari ya gari: saa ya kutoka, kilomita, lita za mafuta, njia iliyopitiwa. Iweke kando ya taarifa ya doria na orodha ya silaha zilizosalimishwa, utajua barabara gani ilipitika na lini. Azimio liliitaka ONUB ifuatilie silaha zinazovushwa mipakani; na wakimbizi wa Burundi katika kambi za Kanembwa, Nduta na Mtendeli walikuwa wakirejea kwao miaka hiyo hiyo. Aliyejaza fomu ile hakuwa akijitetea mbele ya historia. Alitaka mafuta yalingane na mwendo. Ndiyo maana anaaminika.

Wapo watakaosema ONUB ilifanya kazi Burundi, si Tanzania. Ni kweli, ila usalama wa Ruyigi, upande wa Burundi, ndio uliomfanya mkimbizi aliyekuwa Kibondo afunge mizigo au asubiri. Hoja nzito zaidi dhidi ya kuyafungua makaratasi haya ni ya usalama wa mashahidi waliotajwa humo: majina yao yakitoka, wanaweza kudhurika. Hayo yafichwe bila mjadala. Lakini hesabu ya mafuta haimsaliti shahidi. Utaratibu wa Umoja wa Mataifa tangu 1984 huruhusu kwa kawaida nyaraka zisizo za siri zisomwe zikitimiza miaka 20, na za mwaka 2004 zimeshatimiza.

Haki hiyo ya kuzisoma ina faida ndogo kwa mwalimu wa historia wa Kibondo ikiwa hifadhi yenyewe iko New York. Serikali ya Tanzania, kupitia Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iombe nakala za kidijitali za nyaraka zinazogusa mpaka wetu, ili wanaoishi mpakani waweze kuzisoma, kuzihoji na kuandika historia yao wenyewe.