Ile Karatasi Ndani ya Pakiti Ilipiganiwa

Kama ushawahi kununua P2, unaijua ile karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti, maandishi madogo kama siafu. Wengi tunaitupa. Leo nataka tuongee ilitoka wapi, na mbona mamangu, hapa Kiritiri, hajawahi kuishika.

Turudi 1956, kisiwa cha Puerto Rico. Wanawake wa mitaa maskini walipewa kidonge cha kwanza cha kupanga uzazi kwa majaribio, dozi kubwa kuliko ya leo. Daktari aliyesimamia, Edris Rice-Wray, aliandika kwamba asilimia 17 walilalamika: kizunguzungu, kichefuchefu, kuumwa na kichwa, kutapika. Akasema madhara ni mengi mno. Wakubwa wa utafiti wakaona ni mambo ya kichwani tu. 1960 kidonge kikaidhinishwa Marekani.

1970 Seneti ya Marekani ikajadili usalama wa kidonge. Karibu wote walioitwa kutoa ushahidi walikuwa wanaume. Wanawake waliokuwa ukumbini wakasimama katikati ya kikao wakauliza: mbona sisi tunaomeza hatuulizwi? Kelele hizo zikaleta karatasi kwenye pakiti.

Sasa kuja huku kwetu. Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi 1967, kati ya nchi za kwanza kabisa Afrika kusini mwa Sahara. Na umesaidia, tusidanganyane. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alikuwa na wastani wa watoto 8. Kufikia 2022 ni 3.4.

Lakini huduma ilifika mbio kuliko maelezo. Ndiyo maana Moi alipoleta maziwa ya Nyayo shuleni, 1979, uvumi ulienea ati yametiwa dawa ya kuzuia watoto kuzaa baadaye. Haikuwa kweli. 2014 hofu kama hiyo ikarudi na chanjo ya pepopunda. Watu hawakuwa wajinga. Mtu asipoelezwa, anajieleza mwenyewe.

Na hapa ndipo sayansi inanishika. Ubongo hujifunza woga: mbwa akikuuma leo, kesho mbwa yeyote unaruka. Kisha polepole hujifunza tena kwamba hapa ni salama. Utafiti wa Marekani wa 2013 uliona kwamba wanawake wanaotumia homoni za kupanga uzazi walikumbuka kwa shida kwamba hatari imeisha, ukilinganisha na wale ambao estrojeni yao ya asili ilikuwa juu. 2023, watafiti wa Montréal walipima ubongo, wakakuta sehemu ya mbele inayosaidia kutuliza woga ni nyembamba kidogo kwa watumiaji wa vidonge kuliko kwa wanaume. Kwa walioacha vidonge, tofauti hiyo haikuonekana. Na watafiti wenyewe walisema hawapingi vidonge.

Kwa hivyo usikimbie kutoa chochote. Utafiti huo haujathibitisha kwamba vidonge vinamfanya mtu awe mwoga maishani. Tena, wa Montréal ulihusu vidonge vyenye estrojeni na projestini pamoja. Huku kwetu wengi wako kwa sindano na ile ya mkono, ambazo zina projestini peke yake. Swali la wanawake wetu bado halijajibiwa.

Na sisi ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza. Ripoti ya afya ya taifa ya 2022 inasema Embu ndiyo inaongoza Kenya nzima: asilimia 75 ya wanawake walioolewa wanatumia njia za kisasa. Nchi nzima ni 57. Yaani kaunti yetu ndiyo inatumia zaidi, na ubongo unaopimwa ni wa Montréal.

Mamangu amedungwa sindano kila miezi 3 kwa miaka. Anaingia, anadungwa, anapewa tarehe ya kurudi. Boksi na karatasi yake vinabaki kwa meza ya nesi. Siku moja aliuliza kama hiyo dawa ndiyo inamfanya asilale vizuri, akaambiwa wanawake huwaza sana.

Wasichana wangu, hilo jibu lina umri wa miaka karibu 70. Lilitoka Puerto Rico. Ukienda kliniki, dunga ukitaka, hiyo ni haki yako. Lakini kabla hujakunja mkono wa shati, sema: nesi, naomba ile karatasi.