Bandari Haiishii Kilindini

Mabati, vipuri na mitumba inayouzwa Kithyoko, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, kwa sehemu kubwa imeingilia bandari ya Kilindini, Mombasa. Kwa hiyo ufanisi wa bandari haupimwi gatini peke yake. Kabla ya makontena, makuli walishusha shehena gunia kwa gunia, na uzito wa kazi yao ulidhihirika Januari 1947, mgomo mkuu ulipoukwamisha mji wa Mombasa. Kontena lilibadilisha mambo. Mwaka 1956 meli Ideal X ilisafirisha makontena 58 kutoka Newark hadi Houston, na mtindo huo ukaenea duniani. Winchi zikachukua kazi ya mabega, lakini foleni haikwisha: ilihama kutoka gatini hadi uwanjani, kisha barabarani. Bandari kavu ya Embakasi ilifunguliwa mwaka 1984 ili treni zipunguze msongamano huo, ila reli ya zamani ilizidi kuchakaa na malori yakatwaa mzigo. Mwaka 2016 kituo cha pili cha makontena kilikamilika awamu ya kwanza, chenye uwezo wa kuhudumia makontena 550,000 ya futi 20 kwa mwaka.

Kujenga pekee hakutoshi, kwa sababu ucheleweshaji na uchafuzi ni ndugu. Meli iliyofunga gatini huwasha jenereta ili taa, pampu na majokofu yafanye kazi. Lori lililokwama getini likisubiri hati huunguza dizeli bila kusogea hata hatua. Hati zikikamilika kabla meli haijatia nanga, na lori likipewa saa yake ya kuingia, gharama na moshi hupungua pamoja.

Wapo watakaosema dawa ni kulazimisha mizigo yote ipande reli ya kisasa. Ni kweli, treni moja huondoa malori mengi barabarani. Lakini amri ya namna hiyo ilijaribiwa mwaka 2019, ikalalamikiwa na wafanyabiashara wa Mombasa, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaibatilisha. Isitoshe, treni zenyewe hutumia dizeli, na reli haifiki Kithyoko. Lazima lori limalizie safari. Reli ivutie wateja kwa bei na kasi, si kwa amri. Mamlaka ya Bandari nayo itangaze muda wa kontena kutoka melini hadi kwa mwenye mzigo, kwa maana hicho ndicho kipimo kinachomhusu mlipaji wa mwisho: mnunuzi.