Nuru ya Ndani na Mamlaka ya Maandiko

Kati ya Nuru ya ndani, yaani uongozi wa Roho moyoni mwa mtu, na mamlaka ya Maandiko kuna hitilafu ya kale katika Jumuiya ya Marafiki, yaani Wakweka, madhehebu ya Kikristo yaliyozuka Uingereza katika karne ya 17. Mwaka 1649, mjini Nottingham, George Fox, mwanzilishi wa jumuiya hiyo, alimkatiza mhubiri aliyekuwa akifundisha kwamba Maandiko ndiyo hakimu wa kila itikadi, akanadi kuwa hakimu ni Roho Mtakatifu aliyewavuvia manabii, na kwa ujasiri huo akatiwa gerezani. Mwanatheolojia wao Robert Barclay, katika utetezi wake wa mwaka 1676, aliiwekea imani hiyo hoja madhubuti: Maandiko ni ya kweli, wala ufunuo wa haki hauyakanushi, lakini ni kanuni ya pili, chini ya Roho aliyeyatoa.

Hata hivyo imani hiyo haikuwa ruhusa ya kila nafsi kufuata hawaa yake. Mhubiri wao James Nayler alipoingia Bristol mwaka 1656 kwa mfano wa Kristo kuingia Yerusalemu, akahukumiwa na Bunge kwa kukufuru, Marafiki walizidi kusisitiza kwamba alichofunuliwa mtu kipimwe na jamaa ya waumini. Na kwa hakika hekima yao kubwa imo humo.

Mizani hiyo haikudumu. Mwaka 1827 mkutano wa Marafiki wa Philadelphia, Marekani, uligawanyika baina ya wafuasi wa Elias Hicks, aliyeitukuza Nuru ya ndani, na wale walioshika Maandiko na kafara ya Kristo. Suluhu haikupatikana hadi 1955. Wamisionari waliofika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, walitoka upande wa kiinjili, ulioshika Maandiko, ndiyo maana Marafiki wa huko huabudu kwa mahubiri na nyimbo.