Reli Iliyoikwepa Pangani

Ukiitazama reli ya Tanga kwenye ramani, kuna kitu hakikai sawa. Inatoka Tanga, inapita Muheza, inakutana na mto Pangani pale Korogwe, kisha inaelekea Moshi, kulekule maji ya mto huo yanakotoka. Mto umeishia mji wa Pangani, reli imeishia Tanga. Kati ya miisho hiyo miwili kuna kilomita 50 hivi za pwani. Mimi nilizimaliza kwa kosta, nikiwa katika safari ya kuzunguka pwani na begi la mgongoni, na siku hiyo sikuwa na kazi nyingine ila kuhama mji.

Kabla ya reli, mwisho wa njia ulikuwa Pangani. Misafara ya kwenda Usambara, Kilimanjaro na Umasaini ilianzia hapo. Vitambaa na shanga vilipanda bara, pembe za ndovu zikashuka. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila 2, karibu kilo 32. Begi langu lilikuwa na kilo 11, na nililalamika tangu nyumba ya wageni hadi stendi. Watumwa nao walishushwa kwa njia hiyohiyo, na si wote waliovushwa bahari: wengi walibakizwa bondeni kulima miwa.

Vitabu vya shule vinaita yaliyofuata "vita vya Abushiri", kana kwamba mtu mmoja aliamka asubuhi na hasira zake. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilikuja kushika forodha za pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Wakala wake Pangani, Emil von Zelewski, alikuwa na mkono mzito. Ndiye yule Nyundo ambaye Wahehe walimuua Lugalo mwaka 1891. Waliomwinukia Pangani hawakuwa kitu kimoja. Bushiri bin Salim al-Harthi mwenyewe alikuwa tajiri wa mashamba ya miwa, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Walikuwemo wakubwa wa mji waliochelea biashara yao, na walikuwemo watu wa chini ambao wakubwa hao waliwanyima nafasi mjini. Naona kilichowakutanisha kwa muda ni ile forodha. Anayekaa mwisho wa njia na kutoza ushuru ndiye mwenye mji, na hilo kila mtu Pangani alilijua. Bushiri alinyongwa hapohapo Pangani, tarehe 15 Desemba 1889.

Lakini kamba ile haikuumaliza mji. Kilichoumaliza ni fungu la mchanga. Mdomo wa mto una fungu hilo, meli kubwa haziingii, na Tanga ina bandari ya kina kirefu. Mwaka 1893 Wajerumani wakaanza kutandika reli kutoka Tanga. Ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Mzigo uliokuwa ukishuka kwa mabega hadi Pangani ukapata behewa, na behewa halikuwa na habari na Pangani.

Linaloniuma zaidi ni katani. Mwaka huohuo wa 1893, miche 62 ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto, upande wa pili wa Pangani. Ndiyo tu iliyosalimika kati ya 1,000 ambayo Mjerumani Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida. Kutoka miche hiyo nchi ilifika, katikati ya miaka ya 1960, kuzalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mbegu Pangani, utajiri Tanga.

Karibu na Kigombe katani inafika hadi ukingoni mwa barabara. Mama niliyekaa naye akanigusa mkono. "Huko ndani, mwanangu, ndiko ilikokuwa kambi ya baba. Alikuja manamba." Baba yake alitoka Burundi kwa mkataba, na jina la kundi zima, manamba, limetokana na namba walizopewa. Tanga husifiwa kwa kusemwa "waja leo, waondoka leo". Baba wa mama huyu alikuja na hakuondoka, na kaburi lake liko humo mashambani. Nilimuuliza kama analijua lilipo. Akasema mti uliokuwa alama ulishakatwa.

Tongoni tulisimama dakika chache tu, makaburi yake ya nguzo sikuyaona. Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, tulipita mbio.

Mazungumzo ndani ya gari yalikuwa ya barabara mpya, ile ya kutoka Tanga hadi Bagamoyo kupitia Pangani na Saadani, pamoja na daraja la mita 525 la kuvuka mto. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa na furaha: hakuna tena kusubiri pantoni. Muuza samaki aliyekaa nyuma yake hakuwa na haraka ya kufurahi. Wateja wake, alisema, ni hao hao wanaosubiri pantoni.

"Sasa wakivuka bila kusimama," akamuuliza yule kijana, "utambeba nani wewe?"