Posho ya Kilwa: Vibarua wa Kijeshi kutoka Shelisheli, 1916–1917

Tukitaja wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki, akili hukimbilia Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Wachache hukumbuka kwamba vita ile ililetewa pia wanaume wapatao 800 kutoka ng'ambo ya bahari, visiwani Shelisheli. Walianza kuondoka Mahé Desemba 1916, na kituo chao kikuu kikawa Kilwa, bandari ambayo Waingereza walikuwa wameitwaa Septemba mwaka huo na kuigeuza mlango wa kupitishia shehena za vita vya kusini. Hadi Mei 1917 zaidi ya 200 walikuwa wamekufa, na waliosalia wakarudishwa kwao. Naona kwamba kisa hiki, ingawa ni kidogo, kinaeleza kilichowaua wapagazi wa vita ile vizuri kuliko takwimu kubwa za bara: vifo vingi vilitoka kwenye ugavi wenyewe.

Utetezi unaosikika mara nyingi ni wa umbali. Ndorobo waliua farasi na nyumbu kwa maelfu, barabara hazikuwapo, mvua za 1917 zikaufurisha mto Rufiji, ikabidi kila kitu kipite kichwani mwa mtu. Hoja hii ina uzito, na hesabu yake ni rahisi. Mpagazi alibeba ratili 50 hivi. Akila ratili mbili kwa siku, safari ya siku 25, kwenda na kurudi, inaumaliza mzigo wote, na askari aliyeko mbele hapati hata punje. Ndiyo maana posho ilipunguzwa kadiri safari ilivyorefuka, na watu wakadhoofika. Lakini Kilwa ni pwani. Meli zilitia nanga bandarini, na chakula kilishushwa papo hapo. Hapo umbali hauwezi kubebeshwa lawama peke yake.

Atatokea wa kusema kwamba Washelisheli hawakuwa na kinga ya malaria, kwa kuwa visiwa vyao havina mbu wanaoieneza. Ni kweli, na malaria iliwamaliza wengi. Hata hivyo, kuwachagua watu wa namna hiyo na kuwapeleka Kilwa kulikuwa uamuzi wa mtu, haikuwa hali ya hewa. Tena malaria haikuwa peke yake. Palikuwa na kuhara damu, ugonjwa wa maji machafu na vyoo vibaya, na palikuwa na beriberi, ambayo ni ugonjwa wa sufuria: humpata anayelishwa mchele uliokobolewa ukang'aa, siku baada ya siku, bila kitoweo cha maana. Mbu hahusiki hapo hata kidogo.

Je, tunawahukumu watu wa 1917 kwa elimu ya leo? Kwa beriberi, hapana. Daktari Eijkman alikwisha kuuhusisha ugonjwa huo na mchele mweupe kule Java katika miaka ya 1890, na kabla ya 1914 madaktari wawili huko Malaya, Fraser na Stanton, walithibitisha jambo hilohilo katika himaya ya Uingereza yenyewe. Elimu ilikuwapo, haikufika kwenye ghala la posho la Kilwa.

Wala haiwezekani kusema wakuu hawakujua nchi ile inavyoua. Katika miezi ya mwisho ya 1916 waliwaondoa askari Wazungu wa Afrika Kusini wapatao 12,000, wengi wao wakiwa taabani kwa maradhi, wakawarudisha makwao. Washelisheli walipakiwa melini kuelekea Kilwa Desemba ya mwaka huohuo.