Umejitengenezea Ndai Kejani na Taa ya Injini Imewaka? Usichomoe Betri Bado

Tunajua vile ilienda. Jumapili asubuhi, umevaa tishati ya kazi, umetoka kununua plagi Kirinyaga Road na ukazibadilisha mwenyewe ndio usitoe doh ya fundi. Ukastati, ikanguruma fiti. Alafu pap! Ile taa ya manjano yenye picha ya injini ikakutolea macho kwa dashibodi.

Tulia, buda. Ka imewaka tu baada ya wewe kushika ndai, anza kushuku mahali uligusa.

1. Cheki vile inawaka

Ka imewaka tu bila kupepesa, na ndai haitetemeki wala haichemshi, unaweza kuiendesha polepole hadi kejani ama kwa fundi.

Ka inawaka ikizima ukiendesha, hiyo ni ngori. Kuna silinda haichomi mafuta, na petroli mbichi inapita hadi kwa katalitiki, ile kitu ya kusafisha moshi kwa ekzosi. Inachemka hadi inaharibika, na kununua ingine itakutoa doh mob kuliko hizo plagi zote. Weka kando, zima.

Na usiichanganye na taa nyekundu ya oili. Hiyo ikiwaka ukiendesha, simama mahali salama uzime injini mara moja.

2. Rudia kazi yako

Ngoja injini ipoe, alafu fungua boneti.

- Ulibadilisha plagi? Shika soketi ya kila koili, isukume hadi ilie "tik".
- Ulitoa filta ya hewa? Cheki waya ya sensa ya hewa, paipu ya mpira na klipu zake. Kwa gari nyingi, hewa ikiingia bila kupita kwa sensa, kompyuta inakosea hesabu ya petroli.
- Ulijaza mafuta? Kaza kifuniko cha tangi. Ndai zingine hulalamika mvuke ukitoroka.

3. Soma namba ya kosa

Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna soketi ya pini 16. Ni ya mfumo unaitwa OBD2, wenye Marekani ililazimisha kwa gari ndogo za kuanzia modeli ya 1996. Skana ndogo ya Bluetooth inachomekwa hapo na kubonga na simu yako.

P0301 ni silinda ya kwanza inaruka, P0302 ni ya pili. P0171 ni hewa imezidi petroli. P0102 ni sensa ya hewa inatuma alama ya chini, na ka ulikuwa umetoa filta, pengine ulisahau kurudisha waya yake.

Lakini namba inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi mlango. P0171 si ruhusa ya kukimbia kununua sensa mpya, inaweza kuwa ni paipu imelegea tu. Na ka ndai yako ni ya Japan ya kitambo, skana ya bei ya chini inaweza kukataa kuisoma. Hapo tafuta fundi mwenye mashini kamili.

Sasa, mbona usichomoe betri?

Juu unafuta ushahidi. Taa inazima, namba inapotea, shida inabaki palepale. Kesho kutwa inawaka tena na hujui uanzie wapi. Piga picha namba kwanza, rekebisha, ndio ufute kwa skana. Hata usipofuta, shida ikiisha kwa gari nyingi taa hujizima baada ya safari tatu hivi bila kosa.

Na ka unaenda kununua ndai ya mtu, fungua swichi bila kustati. Taa ya injini inafaa kuwaka. Isipowaka kabisa, balbu imeungua ama kuna mtu ameitoa ndio usione kitu. Uliza maswali kabla utoe doh.

Mwisho, ukishindwa na uende kwa fundi, mwambie kila kitu uligusa. Ukificha juu ya aibu, utamlipa masaa ya kutafuta kitu wewe mwenyewe unajua.